Konokono wa Bahi, kombe la Tanga: umri wa jiwe unajulikanaje?

Mji wetu wa Dodoma unachimbwa kila kona siku hizi, msingi huku, mtaro kule, na kila shimo likichimbwa lazima kuna mtu atainua jiwe na kuuliza. Simu yangu imejaa picha za mawe. Safari hii nimechukua maswali matatu tu, na la kwanza nimelipa nafasi kubwa kwasababu limebeba mengine mengi mliyoniuliza.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni fundi ujenzi hapa Nzuguni. Mdogo wangu anaendesha lori, mwezi uliopita katoka Tanga kaniletea kipande cha jiwe la chokaa, ndani kuna kitu kimejikunja kama kamba ya katani iliyoviringishwa, picha nimekutumia. Alafu miaka miwili iliyopita tulichimba msingi kule Bahi tukakuta jiwe jeupe gumu chini ya udongo, lina magamba ya konokono kibao. Mzee mmoja pale akasema huo ni ushahidi Bahi ilikuwa bahari, ndo maana ikaitwa Bahi. Sasa naomba kujua, hao wanaosema jiwe la Tanga lina miaka milioni mia na kitu wanajuaje, nani alikuwepo? Na je la Bahi nalo ni umri huohuo maana yote ni chokaa na yote yana konokono? (Fundi, Nzuguni)

JIBU: Marahaba fundi, na asante kwa picha, umezipiga vizuri, hasa ile ya ubavuni uliyoweka shilingi mia pembeni ili nione ukubwa. Yule mzee wa Bahi msalimie sana, kuona gamba la konokono ndani ya jiwe ukajiuliza limefikaje pale ndo mwanzo wa elimu yote hii, hata kama jibu lake sikubaliani nalo.

Tuanze na cha Tanga. Nimekikuza kwenye simu nikakiangalia muda mrefu. Konokono akijikunja mara nyingi anapanda, gamba lake linakuwa na ncha kama pia ya watoto. Hiki chako kimelala bapa, mzunguko mmoja umeshikana na mwenzake kama kamba iliyowekwa chini, na juu kina mbavumbavu. Alafu angalia pale kilipovunjika, kuna kuta ndogo zinakata ndani, vyumba vyumba. Konokono hana vyumba, nyumba yake ni chumba kimoja kirefu toka mlangoni mpaka kwenye ncha. Huyo mwenye vyumba anaitwa amonaiti, mnyama wa baharini, ndugu wa mbali wa pweza na ngisi, yeye mwenyewe alikuwa anakaa kwenye chumba cha mwisho na vile vya nyuma vilikuwa na hewa ya kumsaidia kuelea. Amonaiti wote walikwisha miaka milioni 66 iliyopita, kipindi kilekile dinosaria walipopotea. Kwahiyo huyo uliyemshika mkononi ni mzee sana tayari, na bado hatujaenda maabara.

Sasa umeuliza nani alikuwepo. Hakuna aliyekuwepo, na gamba halijaandikwa tarehe. Nikueleze kwa kitu unachokijua wewe kuliko mimi, shimo la taka.

Mwaka juzi nilichimbisha shimo nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa panatupwa taka toka enzi za mwenye nyumba wa kwanza, na mi nikasimama pale juu naangalia kila sepeto inachotoa. Juu majivu na maganda. Chini kidogo zikaanza kutoka vocha za simu za kukwangua, zile kadi ndogo, nyingi mno, zingine namba bado zinasomeka. Tukashuka zaidi vocha zikakata, hakuna hata moja, sasa zinatoka betri za redio zilizooza na vioo vya taa ya chemli. Na vigae vya vyungu vilikuwepo kuanzia juu mpaka chini. Kati ya hivyo vyote kipi kinaniambia umri wa tabaka? Kigae hakinisaidii, watu wamefinyanga vyungu toka enzi na enzi na leo ukienda sokoni bado unakipata chungu. Lakini vocha! Kabla ya simu za mkononi kuingia miaka ya 1990 hakukuwa na vocha, zikaja, ndani ya muda mfupi zikasambaa nchi nzima toka Kariakoo mpaka Kondoa, kila mtu anakwangua anatupa, kisha watu wakaanza kununua salio kwenye simu yenyewe na vocha zikapungua mpaka leo ukiiona unashtuka. Na kama tabaka hilohilo lina vocha pamoja na ile mifuko ya plastiki ya kubebea iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ushalibana umri wake pande zote mbili bila kumuuliza mtu yeyote aliyeishi pale.

Wajiolojia wanachotafuta kwenye mawe ya chokaa ni vocha, hawatafuti vigae. Wanataka kisukuku (mabaki yaliyogeuka jiwe) cha kiumbe kilichoishi muda mfupi (mfupi kwa hesabu za dunia), kikasambaa mbali, kikawa kingi, na kikitokea mtu akitambue bila ubishi. Amonaiti amefaulu vyote. Alikuwa anaishi kwenye maji wazi kwahiyo aina ileile unaikuta nchi na nchi, na magamba yao yalikuwa yanabadilika haraka, mbavu zinaongezeka, zinagawanyika, mistari ya kuta za vyumba inazidi kupindapinda. Zama za Jurasiki, ambazo ni toka miaka milioni 201 hivi mpaka 145 iliyopita, zimekatwa vipande kwa kutumia amonaiti peke yao, na vipande vingi havifiki miaka milioni moja. Milioni moja ndani ya milioni mia na hamsini, fundi, ni sawa na mtu amwangalie bibi wa miaka 75 alafu akosee umri wake kwa miezi sita tu!

Na aliyeona jambo hili hakuwa profesa. Aliitwa William Smith, Mwingereza, mpima ardhi aliyekuwa anasimamia uchimbaji wa mifereji ya kusafirishia makaa ya mawe miaka ya 1790, yaani kazi ya matope na sururu kama yako. Akawa anaona kila tabaka linalokatwa lina makombe yake, na ukienda maili nyingi mbele mpangilio ni uleule, wa chini yuko chini na wa juu yuko juu. Mwaka 1815 akatoa ramani ya miamba ya Uingereza iliyojengwa juu ya wazo hilo. Mi huwa nawaambia vijana wasidharau mtu wa site, maana aliyeshinda shimoni anaona vitu ambavyo wa ofisini hawezi kuviona.

Ila Smith alijua nani katangulia nani, miaka mingapi hakujua. Vocha inakuambia tabaka hili ni la vocha, haikuambii mwaka mpaka mtu mwingine akuambie simu ziliingia lini. Kwenye miamba huyo mtu mwingine ni majivu ya volkano. Volkano ikilipuka majivu yanaanguka mpaka baharini, yanatulia katikati ya matabaka yenye makombe, na ndani yake kuna punje ndogo sana za madini yanaitwa zirkoni. Zirkoni ikiwa inajijenga inaingiza urani (madini yenye mionzi) lakini risasi, ile metali nzito, inaikataa, alafu urani inaanza kugeuka kuwa risasi taratibu kwa mwendo usiobadilika, aina yake moja nusu inageuka kwa miaka bilioni 4.47. Unapima urani iliyobaki, unapima risasi iliyopatikana, unapiga hesabu. Arthur Holmes ndiye aliyeanza kuweka miaka kwenye zama za miamba kwa njia ya urani na risasi, mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na mwaka huohuo akaja jirani zetu Msumbiji kutafuta madini akaondoka na malaria.

Kwahiyo ni kazi ya wawili. Majivu yanatoa miaka pale yalipo tu, na mara nyingi hayapo. Kisukuku ndo kinaichukua hiyo miaka na kuipeleka sehemu zisizo na majivu. China kuna mahali panaitwa Meishan, matabaka ya chokaa yamepishana na majivu, na mpaka kati ya zama za Pemiani na Triasiki umewekwa palepale kinapoanza kuonekana kisukuku cha meno ya kiumbe kinachoitwa konodonti, meno ambayo ni madogo kuliko punje ya mchele, majivu ya jirani yakasema miaka milioni 251.9. Leo mtu akiokota meno yaleyale kwenye chokaa ya nchi nyingine hahitaji majivu tena.

Najua kuna mtu atauliza kwa nini wasipime kaboni wamalize. Kaboni 14, ambayo kiumbe anaiingiza mwilini akiwa hai, inapungua nusu kila miaka 5,730, ikifika miaka elfu hamsini hivi iliyobaki ni kidogo mno haipimiki vizuri. Kwa jiwe la mamilioni ya miaka haisaidii chochote.

Hapa kwetu mfano ninaoupenda ni Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, kazi yenyewe ikifanywa na mamia ya Watanganyika chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, mmoja wa dinosaria hao leo amesimamishwa Berlin ana urefu wa mita 13 kwenda juu. Watu wanakumbuka mifupa, wanasahau makombe. Mfupa wa dinosaria wenyewe ni shahidi dhaifu wa umri, lakini matabaka yenye mifupa pale yamebanwa, juu kuna tabaka la bahari na chini kuna tabaka la bahari, bahari ilikuwa inaingia na kurudi, na matabaka hayo ya bahari yana makombe yanaitwa Trigonia pamoja na amonaiti. Hao wadogo ndo walioanza kumpa umri yule mkubwa, mwisho wa Jurasiki, miaka milioni 150 hivi.

Na kuna wadogo zaidi. Kilwa walichoboa ardhi kwenda chini wakatoa udongo mgumu wenye foraminifera, viumbe vya chembe moja vyenye ganda, vingi havifiki hata milimita moja. Udongo wa vile unalowekwa, unaoshwa kwenye chekeche laini, unakaushwa, mtu anakaa kwenye hadubini na brashi yenye unyevu anaokota kimoja kimoja. Chokaa ngumu hailoweki, hiyo unaikata na kuisugua mpaka ibaki unene wa milimita 0.03, mwanga unapita, unaona magamba yamekatwa kama kitunguu. Kule Kilwa waliona mahali ambapo aina moja yenye miiba, Hantkenina, inakata ghafla, ipo ipo alafu haipo. Mkato huohuo ndo unaotumika duniani kuonyesha mwisho wa zama za Eosini, miaka milioni 33.9 iliyopita. Nikifikiria kwamba udongo wa Kilwa unasomwa sambamba na mwamba wa Italia ulikowekwa huo mpaka, kwa sababu ya kitu kidogo kuliko mbegu ya ulezi, moyo wangu unajaa.

Kuna hatari moja. Kwenye shimo langu kuku walikuwa wanafukua, vocha ya zamani inarudi juu inakaa na taka za jana. Bahari nayo inafanya hivyo, mawimbi yanamomonyoa mwamba mzee, kombe lake linaanguka kwenye tope jipya linagandia humo. Ndo maana mtaalamu hatoi hukumu kwa kombe moja, anaangalia kundi zima, anaangalia kama limechubuka limebiringika, kama udongo uliojaa ndani yake ni tofauti na ule wa nje. Na kombe jipya kwa kawaida haliingii kwenye mwamba uliokwisha kuganda, kwahiyo unapokuta mchanganyiko wale wadogo kwa umri ndo wanaoamua.

Sasa nikuombe kitu fundi, nakuomba kwa uchungu maana mi mwenyewe kilinikuta. Nikiwa mwanafunzi tulipelekwa ziara Tanga, kwenye machimbo fulani nikaokota amonaiti mzuri ajabu, mzima, mbavu zote zinaonekana, nimemkuta kwenye rundo la mawe chini ya ukuta. Nikampelekea mwalimu wangu nikiwa nimejaa furaha. Akauliza, ametoka tabaka gani? Nikanyoosha mkono juu, ukuta una matabaka zaidi ya ishirini, sikuwa na jibu. Nikarudi pale siku nzima natafuta tundu alipotokea sikulipata. Yule amonaiti ninaye mpaka leo kabatini, mzuri kama siku ile, lakini ukuta ule hawezi kuusemea kitu. Kwahiyo mpigie mdogo wako leo kabla hajasahau, aseme jiwe kalitoa wapi hasa, lilikuwa ukutani au chini, alafu uandike kwenye karatasi uifunge pamoja na jiwe. Huku Dodoma tuna bahati, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko mjini hapahapa na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanafundisha jiolojia, nenda nalo.

Turudi Bahi. Jina lisituchanganye. Jiwe mlilokuta chini ya udongo ni chokaa kweli, ukikwangua unga wake ukadondoshea siki litatoa mapovu sawasawa na la Tanga, ila limezaliwa tofauti kabisa. Bahi ni bonde, Mto Bubu unaingia pale na hakuna mto unaotoka kwenda baharini. Maji yamebeba chokaa iliyoyeyuka toka kwenye miamba, jua letu la kiangazi unalijua, maji yanapaa chokaa inabaki, mwaka hadi mwaka inagandisha udongo unakuwa jiwe jeupe. Konokono wako ni wa maji baridi, walikuwa wanaishi kwenye dimbwi wakafunikwa. Kwenye picha zako za Bahi nimetafuta vitu vya bahari sijaona hata kimoja, hakuna matumbawe, hakuna chaza, hakuna kiti cha pweza, ni konokono wa magamba membamba tu wa aina mbili. Bahari haiachi aina mbili, bahari inaacha soko zima. Hao ukitaka umri wao kaboni inaweza kujaribiwa, kwa tahadhari, kwasababu konokono anajenga gamba kwa chokaa aliyoikuta majini, na kama hiyo chokaa ni ya zamani atapimwa mzee kuliko alivyo.

Na chini kabisa ya hiyo chokaa kuna majabali haya yanayozunguka mji wetu, mengi yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Humo usitafute kombe, wanyama wenye magamba walianza kuenea miaka milioni 540 hivi iliyopita. Majabali hayo yanapimwa kwa zirkoni moja kwa moja.

SWALI: Mimi nauza marumaru za kupamba, Majengo. Wateja wanapenda zile za nje zenye makombe ndani. Za Morogoro ni nzuri lakini sijawahi kuona hata kombe moja, na naambiwa nazo zilikuwa chokaa. Makombe yalienda wapi? (Mama wa duka)

JIBU: Mama, umeambiwa kweli, zilikuwa chokaa. Zikazikwa chini sana wakati milima inajengwa, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, joto na mgandamizo vikazipika upya, punje za chokaa zikajijenga upya bila kuyeyuka na kushikana zikawa zile fuwele zinazometameta ukigeuza kwenye mwanga. Hata kama kungekuwa na kombe lisingesalimika. Lakini kwa Morogoro kuna sababu ya pili, ile chokaa ilitandikwa baharini kabla wanyama wenye magamba hawajaenea, kwahiyo hakukuwa na kombe la kupotea. Mteja akikuuliza mwambie anakanyaga sakafu ya bahari iliyotangulia makombe yote.

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha sita, hapa Dodoma. Yule samaki silikanti walisema alikwisha zamani na dinosaria, kisha akavuliwa mzima. Sasa tukisema amonaiti fulani anaishia hapa, si kesho anaweza kupatikana na miaka yote ikaharibika? (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba mwanangu, swali hili limenifurahisha sana. Silikanti alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938 wakati wasomi waliamini alikwisha miaka milioni 66 iliyopita, na wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua siku zote, wanamwita gombessa. Kwetu Tanga wavuvi walianza kumtoa kwa wingi miaka ya 2000, na 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

Lakini angalia mambo mawili. Silikanti ni samaki wa mapango ya kina kirefu, wachache, mabaki yao ni nadra, kwahiyo kutomwona kulikuwa hakumaanishi kitu kikubwa, na hakuna aliyemtumia kupima umri wa chokaa. Hantkenina niliyemtaja juu alikuwa akielea kwenye bahari nyingi za dunia, magamba yake yanaanguka chini kama vumbi, na kwenye machimbo ya nchi tofauti anakata pale pale. Kutoonekana kwa kitu kilichokuwa kingi kiasi hicho ni habari nzito. Tena wajiolojia hawaegemei aina moja, wanashika aina nyingi kwa pamoja, moja ikileta shida zilizobaki zinashikilia.

La pili, silikanti aliyevuliwa siyo yule wa kwenye miamba. Ni wa ukoo uleule lakini jenasi (kundi dogo ndani ya ukoo) nyingine, Latimeria, na kisukuku cha Latimeria hakijulikani popote. Kwahiyo hata kesho wavuvi wa Tanga wakipandisha amonaiti mzima kwenye nyavu, na mi nitakuwa wa kwanza kupanda basi kwenda kumwona, akiwekwa pembeni ya jiwe la yule fundi wa Nzuguni mbavu zao na mistari ya vyumba vyao havitafanana.